Kasha Lisilo Ufunguo: Wapenzi wa Kompyuta na Gemu za Kale Kisiwani Lamu

Mtu akitaja vitu vya kale vya Lamu, mawazo ya wengi hukimbilia kwenye milango iliyochongwa, viti vya enzi, sahani za Kichina zilizopangwa kwenye zidaka, na siwa zilizokuwa zikipigwa siku za sherehe kubwa. Hivyo ndivyo vitu vinavyowekwa makumbusho na ndivyo vinavyowavuta wageni. Tangu mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na leo hapana mtu anayehitaji kuambiwa kwamba mlango wa babu yake ni mali.

Lakini vipo vitu vingine vya kale ambavyo bado havijapata mtetezi. Navyo ni mashine: kompyuta za kwanza zilizoingia majumbani mwetu, vile visanduku vya gemu vilivyounganishwa na televisheni, na kaseti na disketi zilizokwenda navyo. Havina nakshi wala havina umri wa miaka mia. Akinamama wakisafisha nyumba kabla ya Ramadhani huvitoa pamoja na ndoo zilizopasuka. Watoto huvichezea mpaka vikaisha. Baharini navyo vimetupwa, jambo ambalo ni dhara kwa samaki pia.

Mimi ni mmoja wa watu wachache hapa Lamu wanaovikusanya na kuvitengeneza. Hatufiki kumi, wala hatuna chama wala mwenyekiti. Tuna baraza moja mtaa wa Langoni, ambapo baada ya sala ya Isha mmoja huja na gemu iliyonyamaza, mwingine na chuma cha kulehemu, na wa tatu na maneno mengi tu. Wapitao hutucheka. Wazee watu wazima, wasema, wamekaa kuchezea vinyago vya watoto! Makala haya nimeyaandika ili nieleze kwa nini kicheko hicho kina haki kidogo tu, na kwa nini jambo hili lawahusu hata wale ambao hawakupata kushika gemu maishani mwao.

ZILIVYOFIKA VISIWANI

Yafaa kwanza tukumbushane asili yake. Gemu ya kwanza ya kuunganishwa na televisheni ya nyumbani iliuzwa Marekani mwaka 1972, ikiitwa Odyssey. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani ambaye familia yake ya Kiyahudi iliukimbia utawala wa Hitler mwaka 1938. Mashine hiyo haikuwa na sauti wala rangi. Ilitoa vidoa vyeupe tu, na mwenye nyumba alibandika karatasi ya plastiki yenye picha mbele ya kioo cha televisheni ili apate uwanja wa mchezo. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ikatoa Pong, mchezo wa mpira wa meza, na hapo biashara ikafunguka.

Mashine iliyofika mbali kuliko zote, hata ikatufikia sisi, ni ile ya Nintendo ya Japani iliyoanza kuuzwa tarehe 15 Julai 1983 kwa jina la Family Computer. Msomaji ataona ajabu akiambiwa kwamba kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Nafasi hiyo ingetosha kubeba karibu maneno mia tatu ya makala haya, basi. Mchezo wake mashuhuri wa mwaka 1985, ule wa fundi bomba mwenye masharubu anayerukaruka juu ya matofali, wote mzima ulikuwa kilobaiti 40. Picha moja utakayopiga leo kwa simu yako huuzidi mchezo huo mara nyingi. Kwa uchache huo, watu waliutengeneza ulimwengu wenye mawingu, mapango na bahari.

Iliyofika kwetu miaka ya tisini haikuwa ile ya asili. Yalikuwa ni maigizo yake yaliyotengenezwa Asia ya Mashariki, yakashuka Mombasa na kupanda mabasi na mashua. Nyingine zilikuja katika mizigo ya ndugu waliorudi kutoka Dubai, Muscat na Jeddah, pamoja na mablanketi na redio kaseti. Kaseti ya gemu iliandikwa kwamba ina michezo 9999, na ukiihesabu kwa subira unakuta ni michezo michache tu inayojirudia kwa majina mbalimbali. Lakini hakuna aliyelalamika. Nyumba moja yenye televisheni ilikusanya watoto wa mtaa mzima, na foleni ya kushika pedi ilikuwa ndefu kuliko foleni ya maji.

Kompyuta zenyewe zilikuwa jambo jingine. Majirani zetu wa Tanzania walipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na katazo hilo likawakalia miaka mingi. Kwetu Kenya hazikukatazwa, lakini zilikuwa ni vitu vya mabenki, mashirika na afisi za serikali. Mtu wa kawaida wa pwani aliyeigusa kompyuta miaka ya themanini, mara nyingi aliigusa ng'ambo, katika kazi yake ya Ghuba.

ADUI NI CHUMVI

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaopenda mashine hizi wana taabu zao, lakini taabu yetu ni ya aina yake. Adui mkubwa wa mashine Lamu ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma huleta unyevu wa bahari mpaka ndani ya zidaka, na chumvi ikikutana na shaba ndani ya mashine huzaa kutu ya kijani. Kutu hiyo hula njia nyembamba za umeme kama mchwa alavyo boriti: juu waona kuzima, ndani ni tupu.

Dawa yake ni ndogo, lakini yataka subira. Mashine hufunguliwa, ikapigwa mswaki laini wenye spiriti, ikaachwa ikauke kivulini. Meno ya shaba ya kaseti ya gemu husuguliwa kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, kisha hupanguswa. Na hapa nataka niseme neno juu ya ada ambayo kila aliyekuwa mtoto zamani hizo anaikumbuka, nayo ni kuipuliza kaseti kwa mdomo ikikataa kufanya kazi. Kupuliza hakukuwa dawa. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, meno yakapata kugusana upya. Pumzi yenyewe ina unyevu, na unyevu ndio tunaoukimbia.

Kuna na taabu ya televisheni. Mwaka 1983 Wajapani walitumia mtindo wao wa kurusha picha, picha sitini kwa nukta moja, na sisi tulitumia mtindo wa PAL wenye picha hamsini. Ukiunganisha mashine ya Japani na televisheni ya kwetu, mara nyingi hupata picha isiyo rangi. Na bunduki ya gemu, ile ya kupigia mabata, haifanyi kazi kabisa kwenye televisheni bapa za siku hizi. Sababu yake ni hii. Ukivuta kilimi cha bunduki, kioo chote huwa cheusi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha mahali penye bata huwaka nyeupe. Ndani ya mtutu mna jicho la umeme linalotazama kama limeuona ule weupe. Televisheni mpya huchelewesha picha kidogo, na jicho la bunduki likitazama halioni kitu. Basi kumbe ile televisheni ya chogo iliyotupwa mwaka 1015 au 1016 wa hesabu za watoto, yaani zama za kale kwao, ndiyo iliyokuwa nusu ya mashine! Kwa hesabu yetu sisi watu wazima ni mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogi, na mafundi wetu waliokota televisheni hizo majalalani.

KOMPYUTA ILIYOJUA KIARABU

Sasa nifike penye kiini. Katika mashine zote tulizo nazo, inayothaminiwa zaidi barazani kwetu si ya Japani wala ya Marekani. Ni kompyuta iitwayo Sakhr, maana yake mwamba.

Ilianza na mtu wa Kuwait, Mohammed Al-Sharekh, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1982 akiwa na swali moja: kwa nini mtoto wa Kiarabu ajifunze Kiingereza kwanza ndipo aweze kutumia kompyuta? Mwaka uliofuata Mjapani Kazuhiko Nishi pamoja na kampuni ya Microsoft walitangaza utaratibu mmoja wa kompyuta za nyumbani ulioitwa MSX, ili makampuni mbalimbali yatengeneze mashine zinazosikilizana. Al-Sharekh akauchukua utaratibu huo, na makampuni ya Japani kama Yamaha na Sanyo yakamtengenezea kompyuta zinazoandika Kiarabu tangu zinapowashwa.

Haikuwa kazi nyepesi. Herufi ya Kilatini ina sura yake moja, popote uiwekapo. Lakini kila aliyepita chuoni ajua kwamba 'ain' ikiwa peke yake si 'ain' ya mwanzo, na ya mwanzo si ya kati, na ya kati si ya mwisho. Mashine ilibidi ifundishwe kuitazama jirani ya kila herufi ndipo iamue sura ya kuichora, na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Katikati ya miaka ya themanini kampuni hiyo ilitoa programu ya Qurani Tukufu, na watu wakaanza kutafuta aya kwa kubonyeza. Iraq ilipoivamia Kuwait mwezi wa Agosti 1990, kampuni ikahamia Cairo. Mwaka 2021 Al-Sharekh alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, naye alifariki mwaka 2024, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa nini mashine hii ituguse sisi? Kwa sababu Kiswahili cha visiwa hivi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Kilatini. Mwana Kupona aliandika wasia wake kwa bintiye mwaka 1858 kwa herufi hizo. Siyu ilikuwa na mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono. Na hata leo wako wazee ambao barua ya Kilatini huisoma kwa taabu, na ya Kiarabu huisoma kama maji. Kwa Mswahili aliyekuwa Kuwait au Muscat mwaka 1987, Sakhr ilikuwa mashine ya kwanza aliyoweza kuiandikia lugha ya mamake kwa hati ya mamake. Ilipungukiwa na herufi za 'p', 'v', 'ch' na 'g' za Kiswahili, lakini hata wazee wetu katika miswada yao waliandika 'b' mahali pa 'p', na msomaji akajua mwenyewe.

KASETI YA MZEE WA FAZA

Siku moja, kaskazi ikianza, alikuja barazani kwetu mzee mmoja kutoka Faza. Jina lake nalihifadhi kwa kuwa aliniomba. Baada ya salamu alitoa mfukoni kaseti moja ya kawaida, ya dakika sitini.

"Mwanangu," aliniambia, "nimesikia muna mashine ya Kuwait."

"Tunayo, ami. Ilitoka Muscat, lakini ni ileile."

"Basi humu ndani yumo mamangu."

Tukadhani ni sauti ya mamake. Akatueleza kwamba sivyo. Yeye alifanya kazi Kuwait tangu ujanani, na mamake, aliyekuwa mtungaji, alikuwa akimpelekea utenzi kwa barua, beti chache kila barua. Bwana mkubwa wa kazini alikuwa na Sakhr aliyoinunulia watoto wake, naye usiku alimruhusu aitumie. Mzee akazinakili beti za mamake humo, na kwa kuwa mashine ilihifadhi kazi kwenye kaseti ya kawaida ya redio, akaziweka kwenye kaseti hiyo. Agosti 1990 aliikimbia Kuwait na begi moja. Barua zilibaki. Kompyuta haikuwa yake. Kaseti ilikuwa katikati ya kanda za kasida, na ndiyo maana ilitoka. Mamake alifariki mwaka uliofuata, na nakala nyingine ya utenzi huo haipo.

"Miaka yote hii," alisema, "nikiitia kwenye redio hupiga kelele kama panzi alfu. Wajukuu walitaka kurikodi taarabu juu yake. Nikawaambia, huyo si panzi, huyo ni mamkuu wenu."

Kelele hizo zina maana, na ni vyema msomaji azielewe. Kompyuta hujua vitu viwili tu, sifuri na moja. Ili kuviweka kwenye kaseti, mashine za MSX zilivigeuza kuwa sauti: sifuri ni wimbi moja la sauti nene, na moja ni mawimbi mawili ya sauti nyembamba katika muda uleule. Yakipita mia kumi na mbili kwa nukta moja, sikio la binadamu husikia panzi. Kompyuta husikia herufi.

Tuliisafisha kaseti, tukakuta kuvu mahali kanda ilipolala muda mrefu. Tukaitia kwenye Sakhr. Mashine ilisoma, ikasoma, kisha ikatoa hitilafu na kunyamaza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mzee alikuwa ameketi, tasbihi mkononi, hakusema neno.

Ndipo kijana mmoja wa kundi letu alipotoa shauri. Sauti ile tukairikodi kwenye kompyuta ya kisasa, ambayo haichoki wala haikasiriki, tukaipitia wimbi kwa wimbi, palipo pazima na palipoharibika. Kazi hiyo ilituchukua usiku sita. Tukapata namba tupu, maana kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake, na namba za Sakhr si hizi zinazotumiwa na kompyuta za leo. Kompyuta ya kisasa ilipojaribu kuzisoma ilitoa takataka zisizo lugha.

Hapo ndipo ile mashine kuukuu, iliyokuwa imeshindwa kusoma kaseti, ilipookoa jahazi. Tuliiamuru itoe kwenye kioo kila herufi iliyomo ndani yake pamoja na namba yake, tukazinakili zote kwenye daftari la shule, kisha tukazilinganisha na zile namba zetu. Saa nne za usiku mstari wa kwanza ukatokea, nao ulikuwa bismillahi.

Mzee alikuwa ameuandika utenzi kama programu, kila ubeti na namba yake ya mstari: 10, 20, 30, na kuendelea, kama desturi ya kompyuta hizo. Jambo hilo lilitufaa sana, kwa kuwa lilituonyesha si kilichopo tu bali na kilichokosekana. Tulipata kuanzia 10 mpaka 290. Kisha kuvu: 300 mpaka 410 hazipo. Kisha 420 mpaka 560, penye tamati. Beti 44 zimerudi, beti 12 zimeliwa.

Lakini hadithi haikuishia kwenye mashine. Mzee alipotusomea, alitusahihisha pale ambapo sisi tulisoma 'b' naye akajua kuwa mamake alikusudia 'p', na pale tulipotia irabu isiyo yake. Akazichukua karatasi Faza akamsomea dadake, ambaye macho yamekwisha. Alipofika penye pengo, yule bibi aliendelea mwenyewe kwa moyo beti tatu, akasita, akalia. Zimebaki tisa.

FUNGUO TATU

Tukio hilo ndilo lililonipa neno ninalotaka kulisema. Maandishi yaliyomo katika mashine ni kama mali iliyo ndani ya kasha, na kasha hilo lina funguo tatu. Wa kwanza ni mashine yenyewe, au angalau kuijua ilivyofanya kazi. Wa pili ni namba za herufi zake. Wa tatu ni mtu anayeijua lugha na hati. Ukipotea mmoja, kasha limefungwa. Karatasi haiko hivyo. Mswada wa Mwana Kupona wataka ufunguo mmoja tu, mtu ajuaye kusoma.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni ya visiwani kwa sababu ya umaskini wetu. Uingereza ina kitabu cha sensa ya ardhi kilichoandikwa mwaka 1086, kiitwacho Domesday. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 yake kwa kutengeneza kitabu kipya cha nchi nzima, chenye maandishi na picha zilizokusanywa na wanafunzi wa shule nyingi, kikawekwa kwenye sahani kubwa za kusomwa kwa mwanga wa leza. Haikupita hata miaka ishirini, mashine za kusomea sahani hizo zikawa haba, na wataalamu ilibidi waunde programu ya kuigiza kompyuta ya zamani ndipo yaliyomo yaonekane tena. Kitabu cha miaka 900 kilikuwa kikisomeka wakati wote huo.

Na sisi wenyewe yametugusa. Miswada ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu ilipigwa picha katika muongo wa 2010 chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ili mtu popote alipo aweze kuisoma. Ni kazi njema kabisa. Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa kompyuta waliishambulia maktaba hiyo, na kwa miezi mingi picha hizo hazikupatikana. Miswada yenyewe ilikuwa Lamu, kabatini, imetulia. Hakuna aliyekosea kwa kupiga picha. Ila nakala moja mahali pamoja, hata pawe pakubwa namna gani, si amana ya kutosha.

HOJA YA WAZEE

Naijua hoja ya wazee wetu, na sitaki kuipita kama sikuisikia. Wasema gemu ni lahau, yamwondoa mtoto chuoni na kumpotezea wakati wa sala. Ni kweli kwamba yaweza kuwa hivyo. Barazani kwetu adhana ikitoka mashine huzimwa, na asiyetaka kuizima hatumkaribishi tena. Lakini nami nawauliza: huyo kijana aliye na simu mfukoni, inayomwita acheze kamari ya mpira usiku na mchana, ameepuka nini? Gemu ya mwaka 1985 haikuombi pesa baada ya kuinunua. Haina matangazo wala haijui jina lako. Ina mwanzo na mwisho, na ukimaliza umemaliza.

Tena ni mashine inayofunguka. Ukiondoa parafujo sita waona kila kitu mahali pake: hapa umeme waingia, hapa prosesa, hapa picha yatoka. Kijana mmoja aliyeanza kwetu kwa kulehemu pedi za gemu leo hutengeneza redio za mashua na taa za jua za wavuvi. Simu ya kisasa imegundishwa kwa gundi, hutupwa, haitengenezwi. Nasi ni watu wa kutengeneza. Jahazi la Matondoni likitoboka haliachwi likazama kwa sababu limepitwa na wakati. Hutiwa kalafati likarudi baharini.

LA KUFANYA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nawaomba wasomaji mambo machache yasiyo gharama.

Mwenye kompyuta au gemu kuukuu asiitie kwenye sanduku la mbao karibu na ukuta wenye unyevu. Aifunge kwenye kopo au chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya punje vinyonyavyo unyevu ambavyo huja na viatu vipya. Aondoe betri kabla hazijavuja. Na aandike kwenye karatasi ilikotoka, mwaka gani, na nani aliitumia.

Mwenye disketi zenye hati za arusi, nasaba, hesabu za wakfu au mashairi, azinakili sasa wakati mashine za kusomea bado zaokotwa. Akishanakili, achapishe kwenye karatasi. Watu wa pwani walioikuta kaseti ya redio wakaitumia kueneza tenzi na kasida, kama zilivyoenea tenzi za Ustadh Mahmoud Mau wa hapa Lamu, hawakungoja zichapishwe kitabu; lakini chombo kimoja chataka kishikwe mkono na kingine.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa kwangu. Nyumba nyingi za pwani zina mfuko wa kanda za zamani, za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin, za mawaidha na maulidi. Ukizisikiliza ukakuta moja isiyoimba wala isiyosema, bali yapiga kelele kali kama panzi, tafadhali usirikodi kitu juu yake. Iweke kando, penye ubaridi na ukavu, kisha muulize mwenye nyumba ni nani katika jamaa aliyewahi kufanya kazi Ghuba.